Je, Imani ya Wazee Wetu Ilikuwa Imara Kuliko Yetu?

Dominika moja ya hivi karibuni, baada ya Misa ya pili, mvua ilitushika mlangoni mwa kanisa hapa Kindu. Watu walisongamana chini ya paa wakingoja ikatike. Hapo ndipo aliponijia mzee mmoja wa Mikelenge ambaye wengi wenu mnamfahamu. Sitamtaja jina, kwa maana mambo aliyoniambia ni ya nyumba yake.

“Mwalimu,” alisema, “wewe huandika gazetini juma kwa juma. Basi utuandikie jambo hili: imani imekwenda wapi?”

Kisha akanihesabia watoto wake kwa vidole. Mwanawe wa tatu, aendeshaye pikipiki ya abiria, ameacha parokia na kuhamia nyumba ya maombi iliyo nyuma ya soko, ambako huhubiri kwa vipaza sauti hata usiku wa manane. Binti yake, mwanafunzi wa chuo, alimwuliza mezani kama dini hii si dini ya Wazungu tu, iliyoletwa pamoja na kiboko na kodi. Kitinda mimba hahojiani na mtu. Siku ya Dominika hulala tu. Mzee alipofika kwake akafunga ngumi.

“Baba yangu alikuwa katekista. Kengele yake ikilia, kijiji kizima kilisimama. Wale ndio waliokuwa Wakristu. Sisi tuna majina tu.”

Sikuwa na jibu la kumpa pale penye mvua. Nilimwahidi kumtembelea nyumbani, nikaenda zangu nikiwaza.

Wasomaji wapenzi, neno hilo la mzee nimelisikia katika nyumba nyingi, na labda nanyi mmelitamka. Tumezoea kuigawa historia mafungu mawili: wakati wa zamani, watu waliposali; na wakati wa leo, wanapopiga soga. Naye mzazi aaminiye hivyo huwatazama watoto wake kama watu waliokwisha kupotea, akaanza kusema nao kama hakimu. Kwa hiyo si neno dogo. Hapana budi tulichunguze kama ni kweli.

Tuanze na kengele ile ambayo kijiji kizima kiliisimamia. Tarehe 26 Mei 1906 Serikali ya Mfalme Leopold II ilipatana na Baba Mtakatifu kwamba misioni katika Kongo zipewe ardhi, hekta 100 hadi 200 kila moja, nazo zifungue shule chini ya uangalizi wa Serikali. Tangu hapo, kwa muda wa karibu miaka hamsini, mtoto wa Maniema aliyetaka kujua kusoma, kuwa karani, kuwa mganga msaidizi au mfanyakazi wa reli, hakuwa na mlango mwingine ila ule wa misioni, ya Kikatoliki au ya Kiprotestanti. Mwaka 1954 tu ndipo Waziri Buisseret alipoanza kuwafungulia Waafrika shule za Serikali zisizo za dini. Sisemi kwamba wazee wetu walisali kwa uongo. La hasha. Nasema tu kwamba mtu akiona benchi za kanisa zimejaa katika mwaka 1950, asifikiri kwamba wote waliokaa juu yake walivutwa na Roho Mtakatifu. Wengine walivutwa na kalamu.

Wala si kila mtu alisimama kengele ilipolia. Mwaka 1944, watu walipokuwa wamechoshwa na kazi za shuruti za wakati wa vita, wafuasi wa Kitawala waliinuka katika nchi ya Masisi na Lubutu. Na Lubutu, kama mjuavyo, ni Maniema yetu hii. Mahubiri yao yaliahidi kwamba utawala wa Wazungu unakwisha. Watu waliyasikiliza usiku na kuja Misa asubuhi. Nyumba ya maombi iliyo nyuma ya soko, inayomsumbua mzee, si ya kwanza kuwako.

Baada ya majuma mawili nilitimiza ahadi. Mzee alinikaribisha barazani, mkewe akatuletea chai, tukaongea habari za mto na bei ya mafuta ya mawese. Kisha aliingia ndani, akatoka na sanduku la bati lililokuwa la biskuti. Ndani mlikuwa na rozari iliyokatika, picha ya Mashahidi wa Uganda, na daftari moja la shule ambalo mchwa walikuwa wamelila pembeni.

“Ni la baba,” alisema. “Macho yangu hayasomi tena penseli. Nisomee, ili upate kuandika watu wale walivyokuwa.”

Nikaanza kusoma. Kurasa za kwanza ni za miaka ya 1956 hadi 1959, miaka ile ambayo ilikwisha kwa Papa Yohane XXIII kuziweka rasmi dayosisi za Kongo, pamoja na hii yetu ya Kindu, tarehe 10 Novemba 1959. Humo katekista ameandika majina ya wakatekumeni wake, na mbele ya kila jina neno moja au mawili. Baada ya kurasa chache nilimtazama mzee, kwa kuwa niliona haya kuendelea. Maana baba yake analalamika! Analalamika kwamba vijana wakimaliza shule hawaonekani tena kanisani. Analalamika juu ya pombe ya lotoko siku ya Dominika. Anataja wanaume wawili waliokwenda usiku kwa watu wa Kitawala. Anamtaja mmoja aliyeongeza mke wa pili, akaondolewa kwenye meza ya Bwana. Mbele ya jina lake ameandika kwamba huyu amepotea kabisa. Na chini ya ukurasa mmoja wa mwaka 1958 anasema, kwa maneno yake mwenyewe ambayo sitayanakili yote, kwamba imani ya watoto wa siku zile si kitu mbele ya imani ya wazee waliobatizwa kwanza.

Mzee alinyamaza. Mkewe alicheka, akafunika kinywa kwa kitenge.

Sasa inafaa tukumbuke mambo yaliyofuata, kwa maana vijana wengi hawayajui na wazee wengi hawapendi kuyasema. Uhuru ulikuja mwaka 1960, na nyuma yake zikaja ghasia. Tarehe 11 Novemba 1961, hapa hapa Kindu, wanajeshi waliwaua Waitaliano 13 wa ndege za Umoja wa Mataifa. Siku ya Mwaka Mpya wa 1962, kule Kongolo, mji ulio kwenye mto wetu huu na kwenye reli yetu hii, wanajeshi waliwaua wamisionari 20 wa jamii ya Roho Mtakatifu, waseminari wao wakitazama. Alipona mmoja tu, Padre Jules Darmont. Maiti zao zilitupwa mtoni. Maji ya Lualaba yanashuka kutoka Kongolo kuja kwetu. Mnaochota maji asubuhi mnajua yanakotoka.

Halafu ikaja 1964. Katika mwezi wa Julai Wasimba waliingia Kindu, wakakaa mpaka mwezi wa Novemba. Waliwatafuta makarani, walimu, watu waliovaa miwani, yeyote aliyedhaniwa kuwa na elimu ya Wazungu. Tarehe 28 Novemba ya mwaka huo, karibu na ziwa Tanganyika, waliuawa Mapadre watatu na Bruda mmoja: Luigi Carrara na Bruda Vittorio Faccin kule Baraka, Giovanni Didoné na Abbé Albert Joubert kule Fizi. Siku tatu baadaye, tarehe 1 Desemba, Sista Anuarite aliuawa huko Isiro. Huyu alitangazwa Mwenye Heri mwaka 1985. Wale wanne walitangazwa Uvira, tarehe 18 Agosti 2024, kwa kinywa cha Kardinali Fridolin Ambongo.

Ningependa tusimame kidogo kwa Abbé Joubert. Baba yake alikuwa Mfaransa, Kapteni Joubert, askari wa zamani wa Papa, aliyekuja Tanganyika katika miaka ya 1880 kuwasaidia Mapadre Weupe kuwalinda watu na wawindaji wa watumwa. Alimwoa Agnes Atakaye, binti wa nchi ile, akaishi huko hata kufa kwake mwaka 1927. Baba aliwalinda watu kwa bunduki. Mwana alikuwa Padre, hakuwa na bunduki, wala hakuwa na mahali pa kukimbilia, maana nchi ile ilikuwa kwao.

Turudi kwenye daftari. Baada ya mwezi wa Julai 1964 maandishi yanakuwa madogo sana, kana kwamba mwandishi aliogopa penseli itakwisha. Hakuna Padre. Katekista amewachukua watu wake msituni, ng'ambo ya mto, na kila Dominika ameandika jina la pori walimosalia. Ameandika watoto aliowabatiza katika hatari ya kufa, na wazee aliowasomea sala za wanaokufa. Kisha nikafika kwenye mstari mmoja nikausoma mara mbili kimoyomoyo kabla ya kuusoma kwa sauti. Unasema kwamba kalisi na mavazi ya Misa yamefichwa katika shamba la mihogo la fulani, na kwamba fulani huyo amepigwa sana na Wasimba lakini hakusema kitu. Nikafungua nyuma, nikalitafuta jina lile. Ni yule mwenye wake wawili, yule aliyepotea kabisa.

Nikatafuta majina mengine. Mmoja wa wale waliokwenda kwa Kitawala mwaka 1958 ndiye aliyewaongoza watu rozari siku katekista alipougua homa. Na kijana mmoja ambaye mwaka 1957 alisifiwa kuliko wote, aliyejua katekisimu nzima kwa moyo, anaonekana mara ya mwisho mwezi wa Agosti 1964, akiwa na manyoya ya Wasimba kichwani.

Hapa naomba niwatoe Maniema kidogo, niwapeleke Buganda, kwa sababu ya picha ile iliyokuwa katika sanduku la mzee. Mashahidi wa Uganda tunawaona ukutani katika nguo nyeupe, nasi twadhani walikuwa wanafunzi wa misioni kubwa yenye Mapadre na Masista. Haikuwa hivyo. Mapadre Weupe walifika kwa Kabaka Mutesa mwezi wa Februari 1879. Walibatiza watu wachache sana, maana Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wao, aliagiza kwamba mtu afundishwe miaka minne kwanza. Mwezi wa Novemba 1882, walipoona hatari, walifunga mizigo yao wakavuka ziwa kwenda kusini. Walikaa huko karibu miaka mitatu. Hakukuwa na Misa Buganda, hakukuwa na Ekaristi, wala mtu wa kuungama kwake. Mtu yeyote mwenye akili angesema: mche haujaota, na mwagizi amekwenda.

Mapadre waliporudi mwezi wa Julai 1885 waliukuta mche umekuwa mti. Yosefu Mukasa Balikuddembe alikuwa amefundisha vijana wa ikulu, na Andrea Kaggwa alikuwa amefundisha watu nyumbani mwake. Kule Mityana, mbali na ikulu, Matia Kalemba Mulumba na Luka Banabakintu walikuwa wamekusanya Wakristu katika nyumba zao, pamoja na Noa Mawaggali, mfinyanzi wa vyungu. Hapakuwa na kanisa. Palikuwa na ua na jiko. Noa alipouawa tarehe 31 Mei 1886, dada yake Munaku hakukimbia. Alijitoa mwenyewe kwa wauaji, wakamfunga badala ya kumwua, naye baadaye aliishi maisha yake yote akimtumikia Mungu. Na kwa wale walioteketezwa Namugongo tarehe 3 Juni 1886, wengine hawakubatizwa na Padre, bali na Karoli Lwanga, siku chache kabla, kwa haraka, usiku. Kizito, mdogo wao, ni mmoja wao.

Basi mjiulize: kama mtu angehesabu imani ya Buganda mwaka 1884 kwa idadi ya Mapadre na ya Misa, angeandika nini? Angeandika sifuri.

Lakini nisiwadanganye. Iko pia habari ya imani iliyokufa kweli. Mwaka 411 maaskofu zaidi ya 500 wa Afrika ya Kaskazini, wa pande mbili zilizogombana, walikutana Kartago; na kati yao alikuwamo Mtakatifu Augustino. Mwaka 1053 Papa Leo IX alisikitika kusikia kwamba katika nchi hiyo wamebaki maaskofu watano tu. Baadaye hata hao wakatoweka. Wataalamu hubishana juu ya sababu: vita, ugomvi wa Wakristu wenyewe kwa wenyewe, wenye mali kukimbilia Ulaya, utawala mpya wa Waislamu. Lakini Waislamu walitawala Misri vilevile, na Wakopti wangaliko hata leo. Mimi naona neno moja. Wakopti walikuwa na Maandiko katika lugha yao, Wahabeshi hali kadhalika. Wakristu wa Kartago walisali na kusoma kwa Kilatini, na wenyeji wa milimani hawakupata kuyasikia Maandiko katika lugha waliyoitumia kumbembeleza mtoto. Miji ilipoanguka, imani haikuwa na nyumba ya kwenda kulala.

Ajabu ni kwamba kutoka nchi hiyo hiyo ya kaburi, kule Algiers mwaka 1868, Lavigerie alianzisha jamii ya Mapadre Weupe, ambao walifika hata Kasongo yetu.

Na lugha waliyoitumia kutufundishia ilikuwa imekuja huku kwa njia gani? Ilikuja na misafara. Kiswahili kilipanda hata Nyangwe na Kasongo pamoja na Waungwana wa pwani, watu wa Tippu Tip na wenzake, waliokuja kutafuta pembe na watumwa. Tarehe 15 Julai 1871, sokoni Nyangwe, David Livingstone aliona kwa macho yake watu wa misafara hiyo wakiwapiga risasi wanawake waliokuja kuuza samaki na vyungu. Mamia walikufa, wengi kwa kuzama mtoni. Amri za siku ile zilitolewa kwa Kiswahili. Leo bibi yangu wa jirani, ambaye wazazi wake walizaliwa kando ya mto huo huo, huisali rozari kwa Kiswahili, wala hakuna awezaye kumwambia kwamba lugha hiyo si yake.

Hilo ndilo ningemjibu binti wa mzee, yule mwenye swali la dini ya Wazungu. Naye anastahili jibu la kweli, siyo kukemewa. Ni kweli kwamba Papa Nikolao V, katika barua zake za mwaka 1452 na 1455, aliwapa Wareno ruhusa ya kuwatia watu utumwani. Na barua za namna hiyo Vatikano ilitamka wazi mwaka 2023 kwamba si mafundisho ya imani. Ni kweli kwamba mwaka 1526 Mfalme Afonso wa Kongo, Mkristu hodari, alimwandikia mfalme wa Ureno akilia kwamba wafanyabiashara wanawaiba watu wake, hata watoto wa wakuu, na biashara haikukoma. Ni kweli kwamba Papa Yohane Paulo II alikwenda mpaka kisiwa cha Gorée, mwezi wa Februari 1992, akaomba msamaha kwa ajili ya Wakristu walioshiriki. Mzazi amfichaye mtoto mambo hayo anamwacha ayasikie mahali pengine, tena kwa ukali. Lakini amwambie na hili: Afonso aliyelia alikuwa Mwafrika na Mkristu kabla wamisionari wa kwanza hawajakanyaga Maniema kwa miaka zaidi ya mia tatu na nusu. Mtoto akijua yote mawili, atachagua mwenyewe.

Juu ya miaka ya Mobutu nitasema machache, kwa kuwa wengi wetu tulikuwako. Mwaka 1972 majina ya Kikristu yalikatazwa. Mimi shuleni niliitwa kwa jina moja, na mama jikoni aliniita kwa jina la ubatizo, kwa sauti ya chini, akitazama mlangoni. Hata leo nikisikia jina lile latamkwa kwa nguvu nageuka kutazama mlango. Mwaka 1974 Noeli iliondolewa katika sikukuu za Serikali na shule zikachukuliwa. Mwaka 1977 shule zikarudishwa. Mapadre wetu walidhani vijana wa miaka ile watakuwa wapagani. Vijana wale ndio wazee wanaolalamika leo.

Kisha vita vilifika Kindu mwezi wa Oktoba 1998. Reli ilinyamaza, meli zikafungwa bandarini, na kulikuwa na miezi ambayo mtu hakuweza kwenda shambani kwake asirudi maiti. Nakumbuka shirika letu, namaanisha ile jumuiya ndogo ya nyumba chache ambayo maaskofu wa Kongo waliichagua kuwa msingi wa kazi yao. Tulikutana jioni, hatuna mshumaa, tukasoma Injili kwa mwanga wa makaa. Aliyekuwa na kikombe cha chumvi alikigawa kwa vijiko. Hakuna aliyeandika jambo hilo katika kitabu chochote cha parokia, na watoto waliokaa hapo mikekani sasa ni waendesha pikipiki.

Na ikiwa mtu atasema kwamba kizazi hiki hakiwezi kuzaa Wakristu wa namna ya Namugongo, nitamtajia jina moja. Floribert Bwana Chui alizaliwa Goma mwaka 1981. Hakuwa Padre wala mtawa. Alikuwa mfanyakazi wa ofisi ya Serikali ikaguayo bidhaa mpakani, kazi ambayo vijana wetu wengi wanaitamani kwa sababu wanazozijua. Wafanyabiashara walitaka apitishe chakula kilichooza, wakampa fedha, akakataa. Mwezi wa Julai 2007 alitekwa, akateswa, akauawa, akiwa na umri wa miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa Mwenye Heri mjini Roma, katika Basilika la Mtakatifu Paulo nje ya Kuta. Wazazi wake, walipomlea, hawakujua wanamlea nani. Huenda naye alilala Dominika fulani, sisi hatujui.

Nilipokuwa nikimwambia mzee mambo haya, jua lilikuwa limekwisha kushuka ng'ambo, na mbu walianza kazi yao. Aliniomba nisome tena mstari ule wa shamba la mihogo. Nikausoma. Akanyosha mkono, akapitisha kidole juu ya jina lile, ingawa haoni penseli.

“Huyu,” alisema, “nilimfahamu. Baba alinikataza kumsalimu. Alikufa mwaka 1970. Siku ya mazishi yake baba alitembea mbele ya jeneza na msalaba, nami nilishangaa, lakini sikuuliza.”

Alikaa kimya muda mrefu. Mkewe aliwasha taa. Ndipo tuliposikia pikipiki ikiingia uani, na mwana wa tatu akatokea, vumbi mpaka kwenye nyusi. Alinisalimu kwa heshima, akamsalimu baba yake, akataka kupita kwenda ndani, kama mtu aliyezoea kupita upesi.

“Mnasoma nini, Baba?” aliuliza, kwa adabu tu.

Mzee hakujibu mara moja. Alilishika daftari kwa mikono miwili, akasogea kwenye benchi, akamwachia mwanawe nafasi ya kukaa.